Gari moja tu la kale la Kimarekani: wewe ungechukua lipi?

Mkereza_Nyakato

Wakuu habari za jioni. Waliotutangulia, shikamooni.

Swali langu ni moja, na naomba mnijibu kwa moyo kama ninavyouliza kwa moyo. Ukiambiwa uchague gari moja la kale la Kimarekani liwe lako mpaka siku unazikwa, utachukua lipi? Nasema moja. Usiniletee habari za la kazini na la kutembelea Jumapili. Moja, na utuambie kwa nini.

Nina miaka 52, nakereza vyuma hapa Nyakato, Mwanza. Kazi zangu nyingi ni shafti za boti za wavuvi, bushi za mashine za kusaga, na kupiga upya thredi zilizokufa. Swali hili nimelibeba miaka mingi, na kabla sijataja gari inabidi nieleze habari ya spana.

Baba alikuwa dereva wa lori la pamba. Bedford, lile lenye pua. Alikuwa akizoa pamba huko Kwimba na Magu kuileta kiwandani kuchambuliwa. Nikiwa darasa la pili alinipandisha kwenye kebini mara tatu nne hivi, msimu wa kiangazi. Nakumbuka boneti ikitikisika mbele yetu, na pamba iliyochomoka kwenye mzigo ikinasa kwenye miiba kando ya barabara. Ukitaka kujua lori limepita njia ipi, unaangalia miiba.

Alipofariki mwaka 2009 akatuachia sanduku la mbao limejaa spana. Ndugu zangu walitaka tuziuze kwa kilo kwa watu wa chuma chakavu, kwa sababu hazikuingia kwenye kitu chochote tulichokuwa nacho. Zote ni za inchi. Corolla, Noah, Hiace, pikipiki, vyote ni milimita: 10, 12, 14, 17. Nikakataa, nikalibeba sanduku kwangu.

Spana ninayoipenda kuliko zote ni ya 9/16. Ukiipima kwa kalipa inakuja milimita 14.29. Maana yake ya 14 haiingii kwenye boliti yake, na ya 15 inacheza. Najua kwa uchungu. Niliwahi kuletewa pampu ya maji ya zamani, nikalazimisha 15, ikazunguka na kona zote sita za boliti zikalika zikawa mviringo. Asubuhi nzima niliimaliza nikiitoa kwa patasi, na sanduku la baba lilikuwa hatua nne kutoka niliposimama. Tangu siku hiyo nafungua sanduku kwanza. Hiyo ya 9/16 imelika mdomo upande mmoja, na kwenye mpini ina mikato miwili midogo ya tupa. Baba aliikata ili usiku gizani aitambue kwa kidole gumba. Naishika na kidole changu kinakaa palepale.

Basi gari langu lazima liwe linalofunguliwa na spana hizi.

Siku moja nikapata kujua kwamba Bedford ilizaliwa na Chevrolet. General Motors waliinunua Vauxhall ya Uingereza mwaka 1925, wakawa wanaunda malori ya Chevrolet kulekule, na mwaka 1931 malori hayo yakapewa jina la Bedford. Nilikaa chini niliposoma hivyo. Miaka yote ile baba alikuwa anaendesha kitukuu cha Chevrolet. Sijui kama alijua.

Kwa hiyo chaguo langu ni pikapu, Chevrolet 3100 ya mwaka 1954. Umbo hili lilianza 1947 likaisha mwanzoni mwa 1955, lakini mimi nataka ya 1954 kwa sababu mbili. Kwanza ni kioo cha mbele. Za kabla yake zina vioo viwili vilivyokutana katikati, hii ina kimoja. Pili, na hiki ndicho kikubwa, ni injini. Silinda sita za mstari, inchi za ujazo 235, karibu lita 3.9, nguvu farasi 112. Za kabla yake zilikuwa na injini ya 216, ambayo beringi za konrodi, ile mikono inayounganisha pistoni na shafti kubwa, ni metali laini iliyomiminwa palepale, na oili inafika kwa kurushiwa, haisukumwi kwa presha. Kwa milima yetu ya Mwanza na safari ndefu, mimi kama mkereza siitaki hiyo. Ya 1954 ina beringi za kubadilisha na presha ya oili kamili. Nyuma ina sakafu ya mbao yenye mikanda ya chuma katikati ya ubao na ubao. Stata unaikanyaga kwa mguu.

Kinachonisumbua ni viwili: usukani uko kushoto, na umeme wake ni volti 6. Wenye uzoefu mnishauri. Na kila mmoja ataje la kwake.

Faiba_Igombe

Mkuu, nimesoma mara mbili. Hiyo mikato ya tupa imenigusa.

Mimi naunda boti za faiba huku ziwani, kwa hiyo chaguo langu halikunichukua muda: Corvette Sting Ray ya mwaka 1963. Watu wengi hawajui kwamba bodi ya Corvette ni faiba, na imekuwa hivyo tangu ya kwanza kabisa mwaka 1953. Mwaka ule walitengeneza 300 tu, zote nyeupe, kwa mikono. Kwa hiyo gari ambalo fundi bodi wa mjini ataliogopa, mimi nalijua. Likipasuka bodi nachukua mkeka wa faiba, rezini na brashi, naanza kazi. Nimeziba matumbo ya mitumbwi iliyogonga mawe, sembuse kona ya gari.

Kwa nini 1963? Dirisha la nyuma. Lina mgongo unaolikata katikati likawa mawili, na walifanya hivyo mwaka huo mmoja tu. 1964 wakauondoa, kwa sababu dereva akitazama kwenye kioo anauona mgongo badala ya magari yaliyo nyuma. Walikuwa na haki ya kuuondoa. Lakini mstari ule unaanzia paa unashuka mpaka mkiani bila kukatika, na mimi kazi yangu ni mistari. Boti mbaya unaijua kwa mstari kabla haijaingia majini.

Sasa mkuu, nikuulize bila kukuudhi: ukisogea mwaka mmoja tu, 1955, Chevrolet walitoa pikapu mpya na unaweza kuipata na V8, injini ya silinda nane, ya inchi 265. Umeme volti 12. Mbona unaikimbia?

Dereva_wa_Isaka

Marahaba Mkereza, na Mungu amrehemu mzee wako. Sisi wa malori tunajuana hata tusipojuana.

Nimeendesha Freightliner ya usukani wa kushoto miaka sita, kutoka Isaka kwenda mpakani Rusumo. Nakuambia ukweli, gari lenyewe utalizoea ndani ya wiki. Usichokizoea ni kupita lori lililo mbele yako. Umekaa upande wa majani, barabara inayokuja huioni, mpaka utoe pua yote nje. Mimi nilikuwa na utingo anayekaa kulia na kuniambia "nenda" au "tulia". Kijana mmoja alisema "nenda" na alikuwa ametazama simu. Tulipona kwa kuingia porini. Pikapu ya peke yako barabara ya Usagara kwenda Shinyanga, utingo utamtoa wapi kila siku?

Kwa hiyo tafuta ya kulia. Zipo. General Motors walikuwa na kiwanda Port Elizabeth, Afrika Kusini, tangu 1926, wakiunganisha Chevrolet za usukani wa kulia, na Australia nako walifanya hivyo. Ukisikia ya Afrika Kusini utakuwa na bahati ya pili: inaweza kuja kwa barabara juu ya lori, ikupitie Tunduma.

Ila muulize muuzaji imekaa mji gani. Ya pwani achana nayo. Chumvi ya bahari inaila bodi kwa ndani, rangi juu inang'aa. Ndiyo maana nasema gari la kale linafaa kuishi Mwanza kuliko Dar es Salaam. Ziwa letu ni maji baridi. Unyevu upo, chumvi haipo.

Volti 6 isikutishe. Taa zitakuwa hafifu, na nyaya zake ni nene kwa sababu zinabeba umeme mwingi, basi usimruhusu fundi umeme akuwekee nyembamba za kisasa. Ukitaka 12, unabadilisha balbu, koili, jenereta na betri. Stata yenyewe ya volti 6 huwa inavumilia 12 ukiikanyaga kidogo kidogo.

Langu ni Cadillac ya 1959. Mapezi yale marefu ya nyuma, na taa mbili mbili zimechongoka katikati yake. Urefu mita 5.7. Nililiona kwenye kalenda nikiwa kijana, ukutani kwa kinyozi pale Mlango Mmoja, na mpaka leo sijaona kitu kilichotengenezwa na binadamu kikanifurahisha hivyo.

Dada_wa_Forodha

Kaka Mkereza, mimi kazi yangu ni kutoa mizigo bandarini, kwa hiyo nitakuwa mfupi. Ushuru wa forodha asilimia 25, kisha VAT asilimia 18 juu ya jumla, na kuna ushuru wa uchakavu kwa gari la umri mkubwa. Usitume hela kabla hujapigiwa hesabu yote na wakala kwa maandishi. Namba ya chasisi iwe ileile kwenye karatasi na kwenye chuma, herufi kwa herufi. Nimeona gari zuri likikaa bandarini likilipiwa gharama za hifadhi kwa sababu ya tarakimu moja.

Langu ni Ford Mustang ya 1965, nyeupe. Ilizinduliwa Aprili 17, 1964 kwa bei ya dola 2,368, ikalengwa vijana wanaoanza kazi. Nami nilikuwa kijana ninayeanza kazi nilipoipenda.

Mkereza_Nyakato

Asanteni sana. Mzee, habari ya kijana wa simu imenitosha. Nimeufuta usukani wa kushoto kichwani mwangu leo hii.

Faiba, hujaniudhi, na nimelifikiria swali lako usiku kucha. V8 ile ni injini nzuri, sibishi. Lakini ya sita za mstari naijua kabla sijaigusa, maana ndiyo sauti niliyokaa nayo kwenye kebini. Na kuna jambo la kazi. Injini za miaka ile ziliundwa kwa petroli yenye madini ya risasi, yaliyokuwa yanazilinda siti za valvu, yaani vikalio ambavyo valvu hufungia. Afrika yetu hii kusini mwa Sahara tuliachana na petroli hiyo mwanzoni mwa 2006. Ukitia petroli ya leo na kuvuta mzigo, siti zinalika taratibu na valvu zinazama. Dawa ni kuchimba siti za zamani na kupachika ringi za chuma kigumu. Kwenye sita za mstari nina hedi moja, ndefu, imenyooka, inakaa kwenye meza ya mashine yangu vizuri, natoboa mashimo ya ekzosi sita nimemaliza. Ningependa mikono yangu iwe ndani ya gari hilo kama ya baba ilivyokuwa ndani ya lile.

Dada, nimeandika yote kwenye daftari, na la tarakimu nimelipigia mstari.

Umeme nitauacha volti 6. Usiku sitembei mbali.

Mzee, kama bado unawasiliana na madereva wa njia ya kusini, naomba uniulizie kwao. Nataka kebini ya kulia isiyo na kutu kwenye pembe za chini, nyuma ya milango, maana hapo ndipo zinapoanzia kuoza. Milango ifunge. Injini hata ikiwa imekwama, imejaa maji, haina kabureta, waniambie tu. Hiyo niachieni mimi.