Baba yuko kwenye mashine ya figo, wanataka kumpandikiza seli shina

Assalamu alaykum ndugu zangu. Baba ana miaka 61, naishi naye hapa Leicester. Ana mieloma, ile saratani ya damu, na figo zimeshindwa: mara tatu kwa wiki anasafishwa damu. Daktari amegusia kupandikiza seli shina, zile seli za uboho zinazotengeneza damu. Kuna aliyepitia? Nianze kumwombea ami viza aje kutoka Tanga kutoa uboho?

———

Wa alaykum salaam dada, pole sana. Ya viza iache kwanza. Kwa mieloma, mara nyingi mgonjwa hutumia seli zake mwenyewe. Anachomwa sindano siku kadhaa ili seli zitoke kwenye uboho ziingie kwenye damu, zinachujwa kwa mashine, zinagandishwa. Hapasuliwi. Kisha anapewa melfalani, dawa kali mno ya kuua saratani, na seli zake zinarudishwa kwa mshipa kama anavyoongezwa damu.

Mume wangu alifanyiwa akiwa kwenye mashine kama baba. Kipimo cha kawaida cha melfalani ni miligramu 200 kwa kila mita ya mraba ya mwili. Wenye figo mbovu kwa kawaida hushushiwa hadi 140. Muulize daktari hilo waziwazi, na uulize nani atapanga siku za mashine akiwa wodini. Sisi hatukuuliza, siku ya kulazwa kila kitengo kikadhani kingine kimeshapanga.

Siku ya melfalani anyonye barafu, dada, hata akikataa. Mume wangu aliacha katikati. Vidonda vya mdomo vilimnyima hata uji, nami nilikaa pale namtazama tu.

Figo zake hazikurudi. Wapo ambao saratani ikitulia huacha mashine, lakini sitaki mwende mkitegemea hilo.

———

Naongeza moja: mgongo ukimuuma, msimpe diklofenaki wala ibuprofeni zinazotumwa kutoka nyumbani. Protini za mieloma zimeshaziba vijia vya figo, na dawa hizo huzimalizia. Mitishamba nayo msimpe kabla daktari hajajua.

———

Allah awalipe kheri. Ami nimempigia, anasema atakuja hivyo hivyo, anataka kumwona kaka yake. Nimemwomba asubiri mpaka baba apandikizwe na chembe nyeupe za damu, zile za kinga, zipande, na kwa sasa amjulie hali kwa simu.