Je, majaribio ya asubuhi moja yanaweza kupima kipaji cha mtoto wa miaka 12?

Mzazi wa Tudor
Salamu kwenu nyote. Mwanangu wa kiume, ambaye atatimiza miaka 13 mwezi wa Novemba, amekataliwa na kituo kimoja cha kukuza vipaji vya kandanda hapa Mombasa baada ya majaribio ya asubuhi moja. Walimpima mbio za mita 30, wakampima mruko, wakamchezesha dakika 20, kisha nikaambiwa kwamba "hana mwili". Nilikuwapo uwanjani: wengi wa waliochaguliwa walimpita kichwa kizima, na mmoja sauti yake ilikwisha kuwa nzito. Shemeji yangu aliye ughaibuni ananishauri nitume mate ya mtoto maabara yakapimwe jeni, ili tujue mapema kama ataweza michezo au hataweza. Kabla sijatoa pesa, ningependa kujua kama mambo haya yana msingi wowote wa kisayansi.

Mwalimu wa Michezo, Kisauni
Ndugu mzazi, pole. Tarehe ya kuzaliwa ya mwanao inaeleza mengi, kwa sababu timu za watoto hupangwa kwa mwaka wa kuzaliwa, na aliyezaliwa Januari anamzidi wa Novemba kwa miezi kumi, ambayo katika umri huo si kidogo. Mwaka 1985 mtafiti Roger Barnsley na wenzake walionyesha kuwa katika hoki ya barafu nchini Kanada wachezaji waliozaliwa miezi ya mwanzo wa mwaka walikuwa wengi kupita kiasi, na jambo hilo limeonekana tena na tena katika kandanda ya vijana. Juu ya hayo kuna kubaleghe kwenyewe: watoto wawili waliozaliwa wiki moja wanaweza kuachana kwa miaka kadhaa katika ukuaji wa mwili. Yule mwenye sauti nzito huenda alichaguliwa kwa sababu ameanza mapema, wala hilo halitupi habari yoyote kuhusu atakavyokuwa akiwa na miaka 20.

Kocha Mstaafu, Likoni
Nakubaliana na Mwalimu, lakini tusiwaonee makocha. Nilipokuwa na jezi 18 na watoto 90 mbele yangu, ilinibidi nichague, na Jumamosi wazazi walitaka ushindi. Isitoshe, kupima mwili kuna mahali pake. Mwaka 2007 Uingereza iliwatafuta vijana warefu wenye asili ya michezo, na miongoni mwao alikuwamo Helen Glover, aliyeanza kupiga makasia mwaka 2008 na kutwaa dhahabu ya Olimpiki London mwaka 2012. Ila huyo alikuwa mtu mzima, na urefu wake ulikwisha kujulikana. Kwa mtoto wa miaka 12, kosa langu la miaka mingi lilikuwa kuhesabu urefu wa leo kana kwamba ni wa mwisho. Baadaye nilijifunza kutazama miguu, maana nyayo hutangulia kukua kabla ya kimo.

Mtaalamu wa Tiba ya Viungo, Changamwe
Niseme juu ya jeni. Inayouzwa sana ni ACTN3, inayohusika na protini ya nyuzi za misuli za kasi. Takriban mtu mmoja kati ya watano duniani hana protini hiyo, lakini miongoni mwa Wakenya ni wachache mno wanaoikosa, kwa hiyo ukiwapima watoto wote wa mtaa wako, karibu wote wataambiwa wana "jeni ya kasi", pamoja na yule asiyeweza kulikimbilia matatu. Mwaka 2015 kundi la wataalamu wa kimataifa lilitamka wazi kwamba vipimo hivi visitumiwe kutafuta vipaji vya watoto. Zihifadhi pesa zako, Mzee.

Badala yake, kila baada ya miezi mitatu mpime kimo akiwa amesimama, na akiwa amekaa juu ya kigoda mgongo ukiwa ukutani, ili uone miguu na kiwiliwili kila kimoja kinavyokua. Kwa wastani wavulana hufikia kasi ya juu ya kukua karibu na miaka 14, na wasichana karibu na 12. Kasi hiyo ikianza, mazoezi ya kuruka na kukimbia yapunguzwe kidogo, hasa akilalamika maumivu chini ya kifuniko cha goti. Pia asifungiwe mchezo mmoja. Mtafiti Arne Güllich na wenzake, walipokusanya takwimu za maelfu ya wanamichezo, waligundua kuwa waliofika kilele cha dunia walicheza michezo mingi zaidi utotoni na walipanda polepole mwanzoni kuliko wale walioishia ngazi ya taifa.

Mzazi wa Tudor
Nawashukuru sana. Shemeji nimemjibu kwa adabu kwamba mate hayasafiri. Leo jioni nimempima mlangoni kwa penseli: sentimita 144 akisimama, na 72 akikaa. Ameendelea na kandanda ya mtaani, na Ijumaa anakwenda kuogelea Nyali na binamu zake. Kocha, kuhusu nyayo: viatu vya shule nilivyomnunulia Januari, nikavichukua vikubwa makusudi, mama yake aniambia tangu wiki iliyopita anavivaa akiwa amekanyaga visigino.