Tupeane uzoefu: ni jambo gani lilikufanya uiache nyumba uliyokuwa tayari kuinunua?

Mwenyeji wa Gungu
Habari za jioni, ndugu zangu. Jumamosi iliyopita niliiacha nyumba ya Katubuka ambayo mimi na mke wangu tuliitamani kwa miezi miwili, kwa sababu muuzaji alikataa kunipa nakala ya hati niende nayo ofisi ya ardhi kufanya upekuzi, yaani kuhakiki nyumba ni ya nani. Alisema mnunuzi wa kweli haulizi karatasi kabla ya kutoa fedha. Bado inaniuma. Naomba wa Kigoma na jirani zetu wa Tabora mtueleze: ni jambo gani ukiliona unarudi nyuma?

Mzee wa Kibirizi
Kwangu mimi ni ziwa. Watu wanapenda kusikia mawimbi wakiwa kitandani, lakini mwaka 2020 na 2021 maji yalipopanda tuliona nyumba za watu zikigeuka kuwa sehemu ya Tanganyika. Ziwa hili lina mlango mmoja tu wa kutokea, Mto Lukuga ulioko upande wa Kongo, kwa hiyo mvua zikizidi kwa miaka mfululizo maji hayana haraka ya kuondoka. Tena Sheria ya Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ufukweni. Ukiona rangi mpya imepakwa nusu ya chini ya ukuta peke yake, ikwangue kidogo uone inaficha nini.

Mama Wawili
Ni kweli kabisa, mzee wangu.

Fundi wa Isevya, Tabora
Huku kwetu ni mchwa. Dalali alinipeleka kwenye nyumba ya Kiloleni iliyopigwa lipu safi, nikachomeka bisibisi kwenye fremu ya mlango ikazama hadi kwenye mpini. Nikapanda darini: kenchi mbili zilikuwa maganda matupu. Kumbe hata ukuta ulikuwa wa tofali mbichi, na ile lipu ilikuwa shuka tu. Sikuuliza bei tena.

Mwalimu wa Ujiji
Sikukusudia kuandika, ila hayo ya karatasi yamenigusa mahali.

Nyumba ilikuwa hapa Ujiji, ya zamani, yenye ua mpana na mwembe. Muuzaji alikuwa kijana mwenye heshima, aliyesema baba yake alimwachia. Siku ya kwanza tulimkuta bibi mmoja uani akimenya mihogo, tukamwamkia, akatuitikia vizuri; kijana akasema ni mpangaji na atahama mwisho wa mwezi. Mjumbe alikuwapo, majirani wawili walikuwapo, nikatoa arubuni ya shilingi milioni tatu, fedha niliyoikusanya kwa miaka minne. Siku ya kumalizia malipo, mke wangu alimfuata yule bibi kwa wema tu, amuulize kama amepata chumba kwingine na kama tumsaidie kubeba vyombo. Bibi akaweka kisu chini, akasema, “Nihamie wapi, mwanangu? Nyumba hii aliijenga baba yao, na watoto wote sita nimewazalia chumba kile pale.” Alikuwa mama mzazi wa muuzaji. Mirathi haikuwahi kufunguliwa mahakamani, wala wale ndugu watano hawakujua lolote. Mimi nilisimama uani na bahasha mkononi, nikashindwa hata kumwomba radhi.

Mama Wawili
Subhanallah. Mama yake mzazi amwite mpangaji!

Dereva wa Mwanga
Pole sana, mwalimu, lakini mjumbe alishuhudia. Ungemalizia malipo, ugomvi wa ndugu ungebaki kwao.

Karani wa Mlole
Kaka, usiwapoteze watu. Mjumbe anashuhudia kwamba mmeuziana. Hawezi kumpa muuzaji haki asiyokuwa nayo. Mali ya marehemu huuzwa na msimamizi aliyeteuliwa na mahakama. Na hata muuzaji akiwa hai na hati ina jina lake, kifungu cha 59 cha Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 kinamzuia kuuza nyumba ya familia bila ridhaa ya mwenza wake.

Dereva wa Mwanga
Mimi nilinunua kwa muhuri wa serikali ya mtaa na nimekaa miaka tisa bila usumbufu.

Karani wa Mlole
Nakuombea iendelee hivyo. Ila fanya upekuzi hata sasa, kwa ajili ya watoto wako.

Mama Wawili
Ushauri wangu: nendeni kuiona nyumba mvua ikinyesha, mkiwa na mama mkwe. Huyo ataona ufa mlioshindwa kuuona wote.

Fundi wa Isevya, Tabora
Dada, mvua inaonyesha paa. Mimi nasema nendeni kiangazi, muone kama bomba linatoa maji na msingi umepasuka wapi.

Mwenyeji wa Gungu
Nawashukuru. Mwalimu, arubuni yako ilirudi? Na yule mama?

Mwalimu wa Ujiji
Ndugu za yule kijana walichanga, wakanirudishia milioni mbili na laki tatu kwa awamu. Laki saba bado ninadai kwa kijana. Mama yumo nyumbani kwake. Msimu wa maembe uliopita alimtuma mjukuu wake atuletee ndoo nzima.