Wauzaji wa "sarafu zenye kosa la kiwandani", acheni kutuibia!

Wakuu, nimepigwa 60,000 na nina hasira. Niacheni niseme.

Nilinunua Kariakoo sarafu ya shilingi 200 ya mwaka 1998, ile yenye kichwa cha Karume. Upande wa kichwa ulikuwa na "200" ya pili, imegeuka kinyumenyume na kuzama kwenye shavu la Mzee. Muuzaji akaapa kuwa ni kosa la kiwandani, lile ambalo sisi wakusanyaji wa sarafu hulilipia zaidi. Nikamuuliza mbona upande wa simba una mistari mingi ya mshazari. Akajibu bila kupepesa macho: "Hizo ni nyufa za muhuri, ndugu yangu, ndizo zinapandisha bei." Muhuri ni kile chuma chenye mchoro kinachogonga sarafu kiwandani. Nikalipa.

Juzi nikampelekea fundi wa vyuma wa mtaa wa Gerezani. Hakusema neno. Alichukua sarafu mbili za kawaida za mia mbili, akazipanga kichwa cha moja kwenye simba wa nyingine, akazibana kwenye jiliwa, kile kibanio cha chuma cha mafundi, akakaza kwa nguvu zake zote. Alipozifungua, moja ilikuwa pacha wa ile yangu: 200 kinyumenyume shavuni, na nyuma simba wamebapa, wamechorwa na meno ya jiliwa. Haikufika dakika mbili. Elfu sitini yangu hiyo!

Nimekaa chini nikaelewa jinsi nilivyodanganywa. Kiwandani, sarafu iliyokwisha kugongwa ikinasa kwenye muhuri, kipande kitupu cha chuma kinachofuata kinagongwa juu yake. Kinatoka na picha ya kawaida upande mmoja, na upande wa pili picha hiyohiyo imezama na kugeuka. Kwa hiyo sarafu halali yenye 200 iliyozama ingekuwa na 200 ya kawaida upande wa pili, na Karume asingeonekana popote! Yangu ina Karume, ina simba, na ina 200 juu ya shavu. Haiwezekani.

Na ufa wa muhuri ni nini? Muhuri ukipasuka, chuma cha sarafu kinaingia kwenye ufa wakati wa kugongwa, kwa hiyo kwenye sarafu unatokea mstari ulioinuka. Pitisha ukucha, utaukwaa. Mstari uliozama ni mkwaruzo tu, hata ukiitwa jina gani.

Si mimi peke yangu. Kuna mia mbili zilizokatwa kwa tupa zinauzwa eti kipande kilikatwa vibaya kiwandani. Ya kweli, mkabala na pengo, ule mdomo ulioinuka pembezoni mwa sarafu huwa hafifu au haupo kabisa. Za tupa ziko imara pande zote, na penye mkato zina mikwaruzo mipya inayong'aa. Kuna sarafu ya mia iliyochunwa rangi ya njano kwa asidi ionekane ina kosa. Na kuna mtu alimuuzia kijana wa watu sarafu ya 500 ya 2014 kwa sababu "maandishi yanabadilika ukiiinamisha huku na huku". Ile ni alama ya usalama, iko kwenye kila sarafu ya mia tano! Yule kijana angeulizia chenji kwa konda yeyote wa daladala angepewa hiyohiyo.

Muuzaji wangu hapokei simu tena. Ninachodai ni hiki: anayetaka kuuza humu jukwaani aweke picha za pande zote mbili pamoja na ukingo, mchana, bila chujio. Asiyeweka, wasimamizi ondoeni tangazo lake siku hiyohiyo. Na wewe uliyenipiga, kama unasoma, sarafu yako ninayo. Rudisha hela yangu.