Taa za Hilux Vigo ni hafifu usiku: LED, globu za wati 100, au tatizo ni nyaya?

MzigoWaJioni
Wakuu, habari za majukumu. Nina Hilux Vigo ya 2008, dizeli. Taa za mbele ni globu moja moja ya H4, yaani dimu (mwanga wa karibu) na fulu (mwanga wa mbali) ziko humo humo. Nikiwasha dimu napata mwanga wa njano unaokatikia karibu, na gari ikija mbele ukingo wa lami unapotea kabisa. Globu ni mpya, 60/55W. Plastiki ya taa imepauka upande wa juu, kama imemwagiwa maziwa. Duka la spea wamenipa machaguo matatu: LED za H4, globu za 100/90W, au LED ndefu ya kufunga kwenye bampa. Gari inabeba mzigo wa karibu tani moja, njia ni Morogoro–Iringa, mara nyingi usiku. Nianze na lipi?

WayaNyekundu
Mkuu, usinunue chochote kwanza. Tafuta mita, pima.

Washa injini, washa dimu, pima betri. Inatakiwa isome kati ya volti 13.8 na 14.4. Kisha pima globu ikiwa inawaka na plagi yake ikiwa imechomekwa: ingiza ncha za mita kwa nyuma ya plagi, moja kwenye pini ya dimu (ile iliyolala juu), nyingine kwenye pini ya pamoja (inayotumiwa na dimu na fulu zote). Ukipima plagi ikiwa imechomolewa utaona volti zimetimia na utadanganyika, maana waya uliochoka hauonyeshi udhaifu wake mpaka upitishe mzigo.

Kwa nini nasisitiza: mwanga wa halojeni (aina ya globu zako) haupungui sawasawa na volti, unaporomoka. Globu ya H4 inapimwa kiwandani kwa volti 13.2. Ikipata 11.9 inatoa takriban asilimia 70 ya mwanga wake. Ikipata 11.2 unabaki na asilimia 57 hivi. Hiyo njano unayoiona ni waya wa ndani ya globu ambao haujafikia joto lake.

Globu za 100/90W kwenye nyaya za zamani ni kuongeza tatizo. Mbili zikiwa fulu zinavuta ampea 16 na ushee badala ya 10, na kadiri ampea zinavyopanda ndivyo volti zinavyozidi kupotelea njiani. Kitakachofuata ni plagi kuyeyuka na kioo cha ndani ya taa kuungua.

Kiooangavu
Wakati unatafuta mita, shughulikia hiyo plastiki. Jua limekula ngozi ya juu. Ukungu huo hauzuii mwanga tu, unautawanya, ndiyo maana hata anayekuja mbele analalamika wakati wewe huoni.

Zungushia maskintepu mara mbili pembeni ya taa. Msasa wa maji namba 800 kwanza, ukisugua kwa mlalo huku unamwagia maji. Maji yatatoka ya njano. Endelea mpaka yatoke meupe. Ndipo uhamie 1000 kwa wima, 1500 kwa mlalo, na umalizie na 2000. Kubadilisha mwelekeo kunakusaidia kuona kama mikwaruzo ya namba iliyotangulia imekwisha. Wengi wanaruka kutoka 800 hadi 2000, taa inang'aa mchana, usiku ikiwaka mistari yote inaonekana. Halafu polishi ya rangi kwa mashine ya mwendo mdogo. Ikienda kasi plastiki inapata joto na kuvutika.

Hapo kazi haijaisha. Futa kwa spiriti, ikauke, siku hiyo hiyo piga klia (vanishi angavu) yenye kinga ya jua, mipulizo miwili mepesi. Bila klia ni miezi michache unarudi ulikotoka. Dawa ya meno ni hivyo hivyo, inang'arisha bila kulinda.

Chungulia pia ndani. Kama rangi ya fedha imebabuka au imekuwa nyeusi juu ya globu, usiifute kwa kitambaa, utaitoa yote. Taa ya hivyo inabadilishwa.

MzigoWaJioni
Nimepima. Betri 14.1. Globu ya kushoto 11.9, ya kulia 11.4. Nikapima na upotevu wa kushoto: kutoka chanya ya betri hadi pini ya pamoja ni 0.8, kutoka pini ya dimu hadi hasi ya betri ni 1.4. Mbona hasi inapoteza zaidi?

WayaNyekundu
Hapo ndipo penyewe. Toyota nyingi za aina hii swichi haikati chanya, inakata hasi. Chanya inafika kwenye pini ya pamoja, halafu dimu au fulu inapata ethi (hasi) kupitia swichi ya usukani. Kwa hiyo umeme wa globu zote mbili unazunguka mpaka ndani na kurudi kwa waya mwembamba. Hakikisha: chomoa plagi, ncha nyeusi kwenye bodi, nyekundu kwenye pini moja moja, huku mwenzako anabadilisha dimu na fulu. Volti 12 zikibaki pini ile ile muda wote, swichi inakata hasi. Zikihama, inakata chanya.

Dawa ni rilei mbili (swichi zinazowashwa kwa umeme mdogo ili zipitishe mkubwa), moja ya dimu, moja ya fulu. Chukua za ampea 40 zenye pini nne, zisizo na dayodi (kinachopitisha umeme upande mmoja tu) ndani. Waya wa mm² 4 kutoka chanya ya betri, ugawe, na kila rilei iwe na fyuzi yake ya ampea 15 karibu na betri, isizidi sentimita 30. Ukitumia fyuzi moja kwa zote, ikikata uko gizani kwenye kona za mlima Kitonga. Umeme wa fyuzi unaingia pini 30 ya rilei (namba zimeandikwa kwenye rilei) na kutoka 87 kwenda globu zote mbili kwa waya wa mm² 2.5. Pini ya pamoja ya kila globu sasa inakuwa ethi: waya wa mm² 2.5 mpaka kwenye bodi, sehemu iliyosuguliwa rangi mpaka chuma kionekane, ikafungwa kwa bolti na kupakwa grisi.

Kuziamsha rilei tumia plagi ya zamani ya upande mmoja. Pini ya pamoja iende 86 za rilei zote mbili, pini ya dimu iende 85 ya rilei ya dimu, ya fulu iende 85 ya nyingine. Koili ya rilei (kati ya 85 na 86) haijali chanya iko upande gani, kwa hiyo mpango huu unafanya kazi iwe swichi inakata hasi au chanya. Plagi ya pili izibe vizuri isiingie maji.

Kabla hujafunga tepu, washa fulu uangalie taa ya bluu kwenye dashibodi. Kwenye baadhi ya Toyota inapata umeme kupitia waya wa globu ya dimu, na ukishaweka rilei inafifia au haiwaki. Globu ndogo ya 5W kati ya pini ya pamoja na ya dimu kwenye ile plagi uliyotaka kuiziba inaimaliza shida hiyo.

Rilei zitazame chini, pini ndiyo ziwe chini, maji yasituame. Ukimaliza, pima tena. Ukipata 13.7 kwenye globu, mwanga umeongezeka kwa zaidi ya nusu ya ulionao sasa, kwa globu hizo hizo. Kulia kukiendelea kuwa pungufu kuliko kushoto, tazama plagi yenyewe. Pini zenye ukoga wa kijani au plastiki ya kahawia, badilisha plagi ya kauri.

Tochi_ya_Porini
Nakubaliana na rilei. Kuhusu LED: ndani ya H4, chini ya waya wa dimu kuna kikombe kidogo cha chuma. Hicho ndicho kinachokata mwanga usipande machoni mwa watu. Taa yako imechorwa kwa ajili ya waya ule, mahali pale pale. LED ambayo vipande vyake viko mbele au nyuma kwa milimita mbili inamwaga mwanga mweupe mbele ya bampa, jicho linaridhika, mboni inasinyaa, na nyati aliye mbali Mikumi humwoni. Ukishikilia kununua, vipande vitazame kushoto na kulia, si juu na chini, na mpira wa nyuma ya taa urudi mahali pake. Namba za lumeni (kipimo cha mwanga) kwenye boksi zipuuze. Globu za bluu pia achana nazo, ile rangi inakula mwanga.

Ile LED ndefu ni ya fulu tu, na rilei yake iamshwe na fulu ili zizimike pamoja. Isikae mbele ya grili, rejeta inahitaji huo upepo mlimani.

Sawazisha
Hakuna aliyegusa mzigo. Vigo ya milango minne ina mita 3.085 kati ya matairi ya mbele na nyuma. Nyuma ikishuka sentimita 8 kwa mzigo, mwanga ulio mita 50 mbele unapanda kama mita 1.3. Hapo hata taa nzuri inamulika matawi.

Simamisha gari mahali tambarare, mita 5 kutoka ukutani, upepo wa matairi sahihi, dereva kwenye kiti. Weka alama ukutani kwa urefu wa katikati ya kila taa. Ukingo wa juu wa dimu ukae sentimita 5 hadi 6.5 chini ya alama. Kama una kirekebishi cha namba karibu na usukani, fanya haya gari ikiwa tupu na namba iko 0, kisha ukipakia panda namba. Kama huna, sawazisha ukiwa na mzigo wako wa kawaida.

Na ukiamua kubadilisha taa nzima kwa mtumba, tazama ukingo huo ukutani kabla hujalipa. Sisi tunaendesha kushoto, kwa hiyo unapaswa kupanda upande wa kushoto. Taa iliyotoka nchi za Ghuba, wanakoendesha kulia, inapanda kulia, machoni mwa anayekuja, na hakuna skrubu ya kurekebisha hilo.

MzigoWaJioni
Nimewaelewa wakuu. Globu nibaki na hizi hizi?

WayaNyekundu
Baki nazo. Zikiungua, chukua 60/55W za kampuni inayojulikana, zote mbili kwa pamoja. Zile zilizoongezewa mwanga ni nzuri, ila hazidumu. Usishike kioo kwa vidole. Ukigusa, futa kwa spiriti kabla hujawasha.