Ukoo wa Garsen: gumzo la ushuru wa mafuriko

Ami Salim (Mombasa): Asalamu alaykum, ndugu zangu na wanangu. Wazee wa mtaa wetu wameandika barua ya kupeleka kwa mbunge. Wanaomba bunge liweke ushuru wa mafuriko: asilimia 1 ya mshahara wa kila mwajiriwa, na shilingi kidogo juu ya kila lita ya petroli. Pesa ziende kujenga kulikobomolewa na maji. Mimi nimeshatia sahihi. Nataka na majina yenu, hasa nyinyi wa Garsen huko kando ya Mto Tana.

Halima: Waalaykum salaam. Shikamoo Ami. Mimi sitatia sahihi, na naomba unipe nafasi nieleze.

Bakari: Hata mimi Ami. Nikitazama karatasi yangu ya mshahara, tozo ya nyumba asilimia 1.5, bima ya afya asilimia 2.75, kodi ya mapato, NSSF ya uzeeni, mkopo wa sako. Kinachobaki ni nauli na unga.

Ami Salim: Bakari, mwaka 2024 walikufa karibu watu 300 nchi nzima. Mai Mahiu maji yalibeba nyumba na watu wamelala. Wewe huwezi kutoa mia tano?

Bakari: Nilitoa, na yakitokea tena nitatoa. Nikimtumia Shangazi, jioni hiyohiyo ananiambia imefika na amenunulia nini. Hiyo ya asilimia 1 nitamuuliza nani?

Shangazi Mwanaidi (Garsen): Kaka Salim, niache niseme, maana shamba lililozama ni langu. Miembe ya marehemu baba ilisimama majini mpaka mizizi ikaoza. Tulikaa chini ya maturubai kando ya barabara. Wakaja watu wa ofisi wakatuandika majina, namba za vitambulisho, watoto wangapi, mbuzi wangapi wamekufa. Mpaka leo sijui daftari lile liko wapi. Sasa mnataka kuongeza petroli. Mashine yangu ya kuvuta maji mtoni inakunywa petroli. Bodaboda inayonipelekea ndizi sokoni inakunywa petroli. Yaani mimi niliyeharibikiwa ndiye nichangie kusaidiwa kwangu, halafu nikae ningoje zamu.

Ami Salim: Hapo kwenye petroli umenishika, dada.

Bakari: Na petroli tulishaongezwa Ami. Julai 2024 tozo ya barabara ilitoka shilingi 18 ikawa 25 kwa lita, na ilikuwa hata mwezi haujaisha tangu Mswada wa Fedha wenye kodi mpya uondolewe, baada ya vijana kuingia barabarani.

Halima: Mimi kinachoniuma ni hiki. Kifungu cha 208 cha Katiba kimeweka Hazina ya Dharura ya taifa. Sheria ya fedha za umma ya 2012 inaruhusu kila kaunti iwe na hazina yake ya dharura. Kwa hiyo kodi tunayolipa sasa imeshatengewa njia ya kumfikia Shangazi. Barua ya wazee haiulizi popote hazina hizo zina kiasi gani na zilitumikaje 2024. Inaruka moja kwa moja kwenye mifuko yetu.

Yusuf (Pittsburgh): Salamu kutoka mbali. Jimbo hili la Pennsylvania, huku Marekani, lina mji unaitwa Johnstown. Machi 1936 ulifurika vibaya. Jimbo likaweka ushuru wa asilimia 10 kwenye pombe, likasema ni wa muda tu. Mji ukajengwa. Mwaka 1951 ushuru ukafanywa wa kudumu, 1963 ukapanda hadi 15, 1968 hadi 18. Upo mpaka leo, na pesa zinaingia mfuko mkuu wa jimbo. Johnstown yenyewe ilifurika tena 1977 na watu wengi wakafa. Tafadhali Ami, ushuru wa dharura usipoandikiwa siku ya kufa, haufi.

Ami Salim: Huo ni mji mmoja. Australia mwaka 2011, baada ya mafuriko ya Queensland, serikali ya waziri mkuu Julia Gillard iliweka ushuru wa mwaka mmoja. Walioharibikiwa hawakulipa. Mwenye kipato kisichozidi dola 50,000 hakulipa. Mwaka ulipoisha, ushuru ukaondoka. Sisi tunashindwa nini?

Halima: Ami, soma vizuri walivyofanya. Walihitaji dola bilioni 5.6, na ushuru ulitarajiwa kuleta bilioni 1.8 tu. Sehemu kubwa iliyobaki serikali ilijibana yenyewe, ikapunguza matumizi na kuahirisha miradi. Barua ya wazee ina tarehe ya kuanza, ya mwisho haina. Mtu wa Garsen hajasamehewa. Serikali haijaambiwa ipunguze hata kitu kimoja.

Khadija: Lakini zahanati iliyobomoka haijengwi kwa maneno, Halima. Pesa lazima zitoke mahali.

Halima: Kweli Da Khadija. Kifungu cha 223 cha Katiba kinairuhusu serikali kutoa pesa za jambo lisilotarajiwa kwanza, kisha ilipeleke bungeni ndani ya miezi miwili. Njia ipo, wala haihitaji tozo mpya.

Shangazi Mwanaidi: Na mimi kabla ya hiyo zahanati nina langu. Maji ya Tana hayatuangukii usiku mmoja. Mvua inanyesha huko Mlima Kenya, mabwawa yanajaa kuanzia Masinga hadi Kiambere, ndipo yanateremka kwetu. Hapo katikati pana siku. Siku hizo ndizo nazitaka. Niambiwe mapema, niambiwe na mtu ninayemjua, na lije lori la kubeba magunia ya mpunga na wazee wasioweza kutembea. Nikiokoa mpunga wangu sihitaji mchango wa mtu.

Yusuf: Hili Shangazi liandikwe.

Ami Salim: Sikilizeni. Wazee wale ni rafiki zangu na sahihi yangu wameiona, sitaifuta kimya kimya. Baada ya Isha nitakwenda niwasomee haya yote. Lakini ushuru ukiwa wa mwaka mmoja, na Mwanaidi asilipe, mimi bado nitauunga mkono.

Halima: Na mimi bado nitaupinga Ami, mpaka hesabu za hazina ziwekwe wazi. Waambie hilo kwa jina langu.

Shangazi Mwanaidi: Salim, ile ya mabwawa isome mwanzo kabisa, kabla hawajaanza kusinzia.