Madini ya nywele: tunaweza kuwalinganisha wavuvi na wakulima wa Pemba?

MwanaMicheweni
Assalaamu alaykum. Ninaandaa utafiti wa chuo, na nia yangu ni kulinganisha kiasi cha zebaki, risasi, zinki na seleni katika nywele za wavuvi wa Micheweni, ambao papa na jodari hawakosi chunguni mwao, na za wakulima wa karafuu wa mabondeni, ambao kitoweo hicho kwao ni cha siku mojamoja. Nikiiona tofauti, nitajuaje kuwa imetokana na chakula?

MzeeWaMaabara
Wa alaykumu ssalaam. Kwa zebaki, uko mahali pazuri. Nywele hukua kiasi cha sentimita 1 kwa mwezi, na zebaki ya samaki iliyomo katika damu hujishika kwenye salfa ya keratini, yaani protini inayounda nywele, wakati unywele unapoumbika, hata kiwango chake humo kikakaribia mara 250 ya kile cha damu. Kata kwa mkasi sentimita 3 za kisogoni, karibu kabisa na ngozi, nawe utakuwa na habari za miezi mitatu iliyopita.

Kina mama wa Shelisheli waliofanyiwa utafiti walikutwa na wastani wa karibu mikrogramu 7 za zebaki kwa gramu ya nywele, na wa Visiwa vya Faroe, ambao hula pia nyama ya nyangumi, takriban 4. Lakini ni Faroe, penye wastani mdogo, ndiko athari zilikoonekana kwa watoto, ilhali utafiti mkuu wa Shelisheli haukuona madhara ya wazi. Basi usiharakishe kuwaambia wavuvi kuwa wamo hatarini kwa sababu tu namba yao ni kubwa.

Risasi, zinki na seleni ni taabu, kwani huingia pia kutoka nje. Shampuu nyingi za mba zina zinki au seleni. Kuosha sampuli kwa asetoni na maji hupunguza uchafu, lakini hakutenganishi kwa uhakika cha ndani na cha nje. Sampuli zote zipimwe maabara moja, pamoja na nywele za rejea, yaani ambazo kiwango chake kinajulikana tayari: mwaka 2001 yalichapishwa Marekani matokeo ya nywele za mtu mmoja zilizopelekwa maabara 6, na majibu yakapishana vibaya.

BiMsusi_Wete
Mwanangu, mimi si mtu wa maabara, lakini vichwa vya watu nimevishika miaka mingi. Mwanamke hukaa mbele yangu ana hina tangu harusi ya shoga yake, macho yana wanja, na vidole vilevile vilivyopaka wanja ndivyo vinavyofumua misuko. Waulize hayo kabla ya kukata. Tena apelekwe mwanamke kwa wanawake, na mueleze nywele zitakwenda wapi, maana huku nywele zetu hufukiwa. Hakuna atakayempa mgeni aondoke nazo hivihivi.

MzeeWaMaabara
Bi amenena. Nywele nyingine zinapakwa risasi hasa, kwani baadhi ya wanja hutengenezwa kwa madini yake.

MwanaMicheweni
Ahsanteni. Risasi, zinki na seleni nitaziacha. Je, nywele za mtoto zinazonyolewa siku ya saba kwa akika zinafaa?

MzeeWaMaabara
Zinafaa sana kwa zebaki, kwa kuwa ziliota tumboni na hazijaguswa na shampuu wala hina. Subiri zikishapimwa uzito kwa ajili ya sadaka, kisha uombe kidogo, wazazi wakiridhia.